Dobi Hana Mdomo

Palikuwa na dobi mmoja na mkewe. Dobi alipiga pasi, mkewe alifua. Hivyo ndivyo walivyogawana kazi tangu walipooana, na hakuna aliyeingilia ufalme wa mwenzake.

Duka lao lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Ndani mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili, na bomba la chuma la kutundikia mashati ya watu. Uani kulikuwa na makarai, ndoo, na kamba zilizovutwa kutoka ukuta hadi ukuta. Huko uani ndiko mke alikotawala. Watu walimwita Bi Povu. Jina hilo alilipata kwa sabuni, na pia kwa ulimi. Mteja akileta suruali na kusema, "Naitaka leo leo," Bi Povu alimjibu, "Kwani ina uchungu wa kuzaa?" Mteja alicheka, akangoja mpaka kesho.

Hakuna doa lililomshinda. Wino, kutu, chai, mafuta ya gari, kila doa alilijulia dawa yake. Doa la damu, alisema, halitaki maji ya moto, kwa maana maji ya moto hulipika likashika. Linataka maji baridi, chumvi, na haraka. "Doa ukiliwahi ni mgeni," alipenda kusema. "Ukilichelewesha, ni mwenye nyumba."

Dobi mwenyewe hakuwa mtu wa maneno mengi. Kazi alifundishwa na baba yake mdogo, na pamoja na kazi alifundishwa sheria moja: dobi ana macho, hana mdomo. Nguo za watu zina siri. Shati la mume wa mtu lina rangi ya midomo isiyo ya mkewe. Shuka la mzee anayeheshimiwa lina mkojo. Dobi huona yote. Anafua, anapiga pasi, anakunja, anamkabidhi mwenyewe na kumsalimia vizuri. Doa haliulizwi limetoka wapi. Ukiuliza mara moja tu, mtaa utasema una mdomo, na kesho kila mtu atafulia kwake.

Dobi aliishika sheria hiyo kama sala. Ndiyo iliyomponza.

Mwaka huo, mvua zilipoanza, alikuwa anapiga pasi shuka la kitandani kwao. Pasi ina tabia ya kumsema mfuaji. Doa ambalo jicho halilioni kwenye kamba, likipata joto linajitokeza, la kahawia hafifu. Dobi akaliona katikati ya shuka, upande anaolala mkewe. Akalijua mara moja. Kwa damu, dobi hadanganyiki.

Lakini Bi Povu alikuwa amekwisha kukoma hedhi. Alilitangaza jambo hilo mwenyewe kwa mbwembwe: "Nimestaafu! Nangoja pensheni tu." Basi damu hii ilitoka wapi?

Dobi alisimama na pasi mkononi mpaka akasikia harufu ya kuungua. Akalikunja shuka. Akanyamaza. Alijiambia kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Alijiambia pia kwamba kama lingekuwa jambo zito mkewe angesema, maana mwanamke yule hajawahi kukosa la kusema. Yote hayo yalikuwa ya kujifariji. Mtu mzima alikuwa anaogopa, basi.

Akaiona tena damu hiyo kwenye gauni la ndani. Akaiona tena kwenye shuka jingine. Bi Povu naye akaanza kuzifua nguo zao kwanza, kabla ya za wateja, na kuzianika nyuma ya mablanketi ya watu zisionekane. Walipokutana kama mume na mke, alitokwa na damu. Tangu hapo, mumewe akimsogelea, alisema amechoka.

Methali ya mficha maradhi kila mtu anaijua. Hata watoto wanaijua, wanaijibia mitihani. Kuijua si kazi. Katika nyumba ile mmoja alikuwa anaficha, mwingine alikuwa anakijua kinachofichwa, na kila asubuhi waliulizana, "Umeamkaje?" na kujibizana, "Salama."

*

Jirani yao mmoja alikuwa muuguzi katika zahanati ya serikali. Mtaani wote walimwita Nesi. Siku moja alileta sare zake nyeupe, akapita moja kwa moja mpaka uani. Alimkuta Bi Povu amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameegemea ukuta.

"Dada, leo povu limekwisha?" Nesi alimtania.

"Limebaki la akiba, mdogo wangu. Nalibania."

"Mbona macho yamekuwa meupe kuliko sare zangu?"

"Basi nilipe ziada. Nimeyafua mwenyewe."

Bi Povu akainuka aanike blanketi. Blanketi lililolowa ni zito kama mtu. Alilibeba kifuani, akalirusha juu ya kamba, kisha akabaki ameishika kamba kwa mikono miwili. Damu ilikuwa inamteremka mguuni. Ilifika kwenye kandambili.

"Ah, hii," alisema haraka. "Ni nguo ya mteja inachuja rangi."

Nesi hakucheka. "Dada, mimi nimezalisha nusu ya mtaa huu. Hiyo ni rangi?"

Dobi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekuja kuchukua mashati. Maneno yakamtoka kabla hajayapanga.

"Si mara ya kwanza."

Bi Povu akageuka. "Unasemaje?"

"Nimeona kwenye mashuka. Na kwenye gauni lako la ndani. Pasi inaonyesha."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

Mvua zilikuwa zimekwisha zamani. Kiangazi nacho kilikuwa kinakwisha.

"Umeona tangu mvua," Bi Povu alisema polepole. "Ukanikunjia shuka vizuri, ukaniwekea kitandani."

"Na wewe ulikuwa unanificha!"

"Mimi nilikuwa naogopa! Nilijidanganya eti ujana umerudi kunisalimia. Wewe ulikuwa unaogopa nini? Damu ni yako?"

Nesi akaingia kati. "Mtagombana baadaye, nafasi mtapata. Wewe ulinyamaza, na wewe ulinyamaza. Ugonjwa wenyewe haukunyamaza. Sasa nisikilizeni."

Aliwaeleza wakiwa wamesimama pale pale, kati ya makarai. Mwanamke aliyekoma hedhi hatakiwi kuona damu tena. Hata aliye kijana, akitokwa na damu baada ya kujamiiana, au katikati ya hedhi na hedhi, au akitokwa na uchafu wenye harufu mbaya, au akiumwa kiuno bila kujua sababu, aende akapimwe. Inawezekana ni jambo dogo. Inawezekana ni saratani ya mlango wa kizazi. Kwa kukisia, hakuna anayeweza kujua.

"Wanapimaje?" Bi Povu aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wewe, kwa kuwa damu imeshaonekana, nitakuandikia uende hospitali kubwa. Watakata kinyama kidogo wakakitazame. Lakini mwanamke asiye na dalili yoyote tunampima pale pale zahanati, na ni bure. Tunapaka siki kwenye mlango wa kizazi. Palipoanza kuharibika panageuka peupe. Panatibiwa kabla hapajawa saratani."

"Siki? Hii ninayoondolea madoa?"

"Ndugu yake. Nyinyi inawaondolea doa. Sisi inatuonyesha doa."

Bi Povu akamkazia macho. "Na unakaa jirani na mimi siku zote hizi, hukuniambia?"

"Nilikuambia, dada. Nilisimama hapa hapa. Ukanijibu kwamba kiwanda kimefungwa, wakaguzi hawahitajiki."

Bi Povu alikumbuka. Ulikuwa utani mzuri siku ile, na wote walicheka.

*

Hospitali kubwa ilikuwa ya serikali, na ilijaa. Mabenchi yalianzia mlangoni yakapinda na ukuta hadi dirisha la mwisho. Dobi alisikia mtu akisema kwamba saratani ikiguswa na kisu inaamka na kukimbia mwili mzima. Akaogopa. Alitaka kumrudisha mkewe nyumbani.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye macho ya kukosa usingizi. "Baba, hayo si kweli," alisema. "Kukata kinyama kidogo hakusambazi ugonjwa. Kinachousambaza ni kuuacha."

Majibu yalipotoka, aliwaita wote wawili, akafunga mlango. Aliwaambia bila kuzunguka. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Tena haikuwa pale mlangoni tu. Ilikuwa imetoka na kushika pembeni. Ingekuwa ndogo, wangefanya upasuaji wakaiondoa. Sasa dawa yake ni mionzi, pamoja na dawa za dripu.

"Nitapona?" Bi Povu aliuliza.

"Wako wanaofika hapa wakiwa kama wewe, wakapona. Wako ambao tunawapa muda na kuwaondolea maumivu. Sitakuahidi, mama, lakini matibabu yana maana."

"Kama ningekuja wakati wa mvua?"

Daktari aliitazama kalamu yake. "Tuanzie hapa tulipo, mama."

Jibu hilo Dobi alilielewa kuliko maneno yote ya siku hiyo. Walipofika nje, alichuchumaa. Akajisingizia anafunga kamba ya kiatu.

Daktari alikuwa amesema neno jingine pia. Alisema ugonjwa huo huletwa na kirusi, na kirusi hicho hupita kwa kujamiiana. Neno hilo lilikaa kati yao njia nzima. Walipofika nyumbani likapasuka.

"Kwa hiyo umeniletea wewe," Bi Povu alisema.

"Au ulikuja nacho."

Waliambiana maneno ambayo hawakuwahi kuambiana. Nesi aliyasikia kutoka kwake, akaja.

"Mnapoteza nguvu," aliwaambia. "Kirusi hiki ni kama vumbi la mtaani. Karibu kila mtu aliyewahi kulala na mtu amewahi kukipata, awe mke au mume. Kwa wengi mwili unakitoa wenyewe. Kwa wachache kinabaki miaka na miaka, bila maumivu, mpaka kiharibu. Huenda ni cha kabla hamjajuana. Hakuna daktari duniani atakayekuambia kimetoka kwa nani."

"Yaani hata mtu wa kumlaumu sina?" Bi Povu aliuliza.

"Huna."

"Basi ugonjwa huu una choyo. Hata hilo umeninyima."

*

Mionzi ililipiwa na serikali. Walichotakiwa kutoa wao ni subira, na subira ile ilikuwa ghali. Mashine ilikuwa moja, wagonjwa walitoka kila upande. Dobi alifunga duka, akawa mtu wa kukaa benchi. Alizijua nyuso za watu wote. Kulikuwa na mama mmoja aliyefunga kitambaa cha njano kichwani, aliyekuwa akiwashikia wengine nafasi. Siku moja hakuja. Siku iliyofuata hakuja. Hakuna aliyeuliza. Watu walisogea kidogo tu, benchi likajaa.

Mara mbili waliambiwa mashine mbovu, kipuri kinangojwa.

"Sisi pasi ikiharibika, tunaitengeneza siku hiyo hiyo," Bi Povu aliwaambia waliokaa naye. "Kwa sababu watu wanangoja mashati. Hapa watu wanangoja roho zao."

Watu walicheka, lakini hakikuwa kicheko. Hasira ile ilikuwa ya haki, na aliyestahili kuisikia hakuwepo.

Hatimaye zamu yake ikakaribia. Aliitwa ndani kupimwa na kuchorwa. Walimchora kwa wino tumboni na nyongani, mistari na alama za msalaba. Mtaalamu wa mionzi akamweleza mambo mengi kwa mkupuo: anywe maji, asipake mafuta, asifute alama, arudi kesho kuanza. Bi Povu alikuwa amekunywa dawa ya maumivu, kichwa kizito. Alipotoka alikumbuka habari ya maji tu. Dobi alikuwa nje kwenye benchi, kwa sababu wasindikizaji hawakuruhusiwa ndani.

Nyumbani alimpashia maji amwogeshe. Mwenzake alikuwa dhaifu, hawezi kuinama. Dobi alimkalisha kwenye kiti kifupi, akamvua gauni. Akaiona michoro.

"Wamekuchorachora kama gunia la sokoni," alisema.

Bi Povu alitabasamu macho yakiwa yamefumba. Usingizi wa dawa ulikuwa unamchukua.

Ilikuwa zamani tangu Dobi amguse mkewe. Alitaka kumfanyia jambo zuri, na jambo zuri alilolijua yeye ni moja. Alichukua pamba na spiriti. Alifuta msalaba wa kwanza taratibu, bila kukwaruza ngozi. Akafuta wa pili. Akafuata mistari mmoja baada ya mwingine, akapitisha maji ya uvuguvugu, akakausha kwa taulo laini. Alipomaliza, hapakubaki hata kivuli. Alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu wapewe majibu. Mkewe alikuwa safi.

Hakuuliza doa lile limetoka wapi, wala limewekwa kwa nini.

Kesho yake mtaalamu wa mionzi alitoka mlangoni mwa chumba cha mashine. Alikuwa kijana mpole, lakini uso ulikuwa umembadilika.

"Nani amefuta alama za mama huyu?"

"Mimi," Dobi alisema. Kisha akaongeza, kana kwamba inasaidia, "Mimi ni dobi."

Kijana akakaa karibu naye. "Mzee, mionzi haionekani. Mashine inazifuata zile alama. Bila alama tunaweza kuchoma kibofu au utumbo, na ugonjwa tukauacha. Itabidi apimwe upya, achorwe upya."

"Leo?"

"Leo chumba cha vipimo kina watu. Ataingia zamu upya." Alimtazama. "Mzee wangu, kwa nini hukuuliza?"

Dobi aliinuka. Akaenda kwenye bomba la maji nje, akafungua maji ili watu wasimsikie. Akalia.

Na kabla zamu ya mkewe haijafika, mashine ikaharibika tena.

Bi Povu hakumwonea huruma. "Doa la kwanza hukuuliza," alimwambia pale benchini. "La pili hukuuliza. Unangoja la ngapi?"

"Nisamehe."

"Leo sikusamehe. Labda kesho." Akasogea, akampisha. "Lakini kaa hapa. Umesimama kama mwizi."

Maji yakimwagika hayazoleki. Hata hivyo, tangu siku hiyo, mtaalamu yule hakumwachia mgonjwa peke yake maelezo. Alimwita na msindikizaji, akamwonyesha alama, akamwambia asiziguse, na kama zinafifia aje aseme. Dobi naye alibadilika. Aliuliza kila kitu. Dripu hii ni ya nini? Homa ikija tungoje au tuje? Hapo ngozi inapowaka tupake nini? Akiharisha ale nini? Wauguzi walimchoka, lakini walimjibu. Homa, aliambiwa, msingoje. Akamleta mkewe mbio siku ilipotokea, na dawa ikapatikana mapema.

*

Matibabu yalikwisha. Yalimkondesha Bi Povu na kumtapisha, lakini damu ilikatika. Maumivu yakapungua. Akarudi uani, si kufua, bali kukaa kwenye kiti na kumwamrisha mumewe afue.

"Unaliburuta hilo shati kama unamburuta mshtakiwa! Sugua kola!"

"Ndiyo, bosi."

"Na hiyo damu, maji baridi! Maji baridi, bwana!"

Ulikuwa wakati mzuri. Bi Povu aliutumia kutoa povu. Kila mwanamke aliyeleta nguo aliulizwa kama amekwenda kupakwa siki. Aliyecheka alisimuliwa kisa cha kiwanda kilichofungwa, na alipofika mwisho wa kisa hakuwa anacheka tena. Binti yao aliyeolewa mbali aliamrishwa kwa simu, akaenda, akakutwa salama. Mtoto wa binti huyo, msichana wa shule, akapata chanjo ya kuzuia kirusi kile, ile inayotolewa kwa wasichana kabla hawajaanza mambo ya wakubwa. "Huyo doa halimpati kirahisi," bibi yake alisema, akafurahi siku nzima.

Kisha kikohozi kikaja. Hawakungoja. Walikwenda wiki hiyo hiyo. Daktari yule yule, na macho yale yale yasiyolala, aliwaambia kwamba saratani imerudi, na safari hii iko kwenye mapafu. Wangeweza kumtuliza. Kuiondoa hawakuweza.

"Kama tungeanza mapema..." Dobi alianza.

"Baba," daktari alisema, "mwili wake sikuuona wakati huo. Ninachojua ni kwamba inayowahiwa hupona sana, na inayochelewa hutushinda mara nyingi."

Alikuwa anataka kumpa faraja. Hakuwa nayo.

Bi Povu alipelekwa nyumbani na dawa ya maji ya maumivu, na Nesi alifika kumtazama. Hakuteseka sana, na hilo ni jambo la kushukuru. Alilala chumba cha nyuma, dirisha likitazama kamba. Asubuhi moja alimwita mumewe, akamwambia akae.

"Mdomo wangu nakuachia wewe," alisema.

"Usiseme hivyo."

"Nisiseme? Ndiyo kazi yenu, kunyamaza. Sikiliza. Ukiona, uliza. Wakikuita mmbea, waambie ni marehemu mkeo ndiye mmbea, umemrithi."

"Umenisamehe?"

Bi Povu alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema uongo kwa sababu ya kufa. "Ile ya wino nimekusamehe," alisema. "Ile ya shuka, bado najaribu."

Hakumaliza kujaribu. Alifariki mchana mmoja, mashati ya watu yakiwa yanakauka nje ya dirisha.

*

Dobi alifungua duka tena. Alifua mwenyewe, akapiga pasi mwenyewe. Siku moja mkata vioo wa mtaa wa pili alileta mashuka. Dobi alipoyapiga pasi, akaona kivuli cha kahawia. Wiki iliyofuata mashuka yakaja tena, na kivuli kingine. Mkata vioo alipokuja kuyachukua, Dobi hakuyatoa.

"Ndugu yangu, nitakuuliza neno. Ukikasirika, kasirika. Mkeo anatokwa na damu?"

Mkata vioo alibadilika rangi. "Wewe unafua au unapeleleza?"

"Nafua. Mke wangu naye..."

"Nipe mashuka yangu!"

Aliyanyakua na kutoka, na alichokisema barabarani kilisikika mbali. Baba yake mdogo alisema kweli. Mtaa ulijua kwamba dobi ameota mdomo. Baadhi ya wateja walihama. Bomba la mashati likabaki na nafasi nyingi. Nesi tu hakuacha kuleta sare zake.

Mvua zilikuwa zimeanza tena wakati mwanamke mmoja aliposimama mlangoni na furushi. Dobi hakumjua.

"Mimi ni mke wa mkata vioo," alisema. "Mume wangu alirudi siku ile amefura. Akaniambia dobi ananichungulia. Nikacheka. Kisha nikaingia chooni nikalia, kwa sababu ilikuwa kweli."

Dobi alimpa kiti.

"Nilikwenda zahanati. Nesi akanitazama, akanituma hospitali kubwa. Walikata kinyama kidogo, wakakipima. Haikuwa saratani bado, ilikuwa njiani. Wameiondoa. Nilikwenda asubuhi, jioni nikarudi kwangu kwa miguu yangu. Nitarudi kupimwa tena, lakini daktari ameniambia nimewahi." Aliyafuta macho. "Naomba nimwone mama. Nimesikia kwa wanawake wa zahanati kwamba kila anayeleta nguo hapa anaulizwa na mama kama amepimwa."

"Amefariki."

"Pole sana, kaka. Lakini wewe uliionaje? Yale mashuka niliyafua mwenyewe kwanza, ndipo nikampa mume wangu ayalete. Nilikuwa na hakika nimeitoa yote."

"Pasi inaonyesha."

"Mwanamume mwingine angenyamaza."

Dobi alilifungua furushi. Alilitandaza shuka la kwanza juu ya meza, akalinyoosha kwa viganja, akalitazama kutoka pembe hadi pembe. Lilikuwa safi.

"Nilinyamaza," alisema. "Doa la kwako si la kwanza. La kwanza nililiona nyumbani kwangu, nikalikunja."